Maboma ya Wazee Karibu na Nairobi

Mtoto aliyezaliwa Kaloleni au Bahati huzoea kuona nyumba zilizopangwa safu kwa safu, zenye nambari milangoni. Nyumba za babu zake hazikuwa na nambari, lakini kila mtu alijua mahali pake.

Mwaka 1971 Serikali ya Kenya ilianzisha Bomas of Kenya huko Lang'ata, yapata kilomita 10 kutoka katikati ya mji, ili kuhifadhi na kuonyesha desturi za makabila. Humo yalijengwa maboma kwa namna ya wazee wa zamani, pamoja na ukumbi mkubwa wa ngoma.

Maboma hayo yalifundisha kwamba mpango wa nyumba ulikuwa sheria ya jamaa. Katika boma la Wajaluo, nyumba ya mke mkubwa ilielekea lango. Kwa Wakikuyu, mume alikuwa na nyumba yake, iitwayo thingira, ambamo wavulana walipewa mafunzo. Kwa Wamasai, mwanamke ndiye aliyejenga nyumba, kwa fito, udongo na samadi, na ng'ombe walilazwa katikati ya boma.

Lakini nyumba tupu haisemi, na ngoma peke yake humfurahisha mtoto bila kumweleza neno. Basi mzazi akitaka kuwaonyesha watoto maboma ya namna hii, ni vema afuatane na bibi au babu yao, awaeleze nani alilala wapi, na kwa sababu gani. Wazee hao wakiisha kufariki bila kuulizwa, yatakayobaki ni kuta na nyasi tu.