SAKITUNI: MJI WA THELUJI WA WATU NA WANYAMA

Hadithi za theluji zinazoletwa chamani zinafanana kama maharagwe. Theluji huanguka Desemba, watoto huteleza juu ya vibao, kulungu anaongea, na ndani ya nyumba kuna moto wa magogo usiozimika. Kubuni si kosa, ndiyo kazi yetu. Lakini theluji hiyo imetolewa filamuni nzima nzima, na ukimwuliza mtunzi swali moja tu ananyamaza: hao watu wanakula nini? Na huyo chui wa nyumba ya pili, je, yeye anamla nani?

Tena theluji ya kwetu ipo. Batian, kilele cha Mlima Kenya, ni mita 5,199, na Kibo kule Kilimanjaro ni mita 5,895. Mosocho tuko kwenye mita 1,700 hivi. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban digrii sita na nusu. Basi siku ambayo hapa kwetu ni digrii 20, kwenye mita 4,200 ni kama digrii nne tu, na usiku maji huganda. Hebu tuujenge mji wetu hapo, katika bonde la Teleki, magharibi mwa Mlima Kenya. Tuuite Sakituni, kutokana na sakitu, yaani umande ulioganda.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mtunzi ni kwamba Sakituni haina majira ya theluji. Tuko ikweta. Mchana ni kiangazi na usiku ni kipupwe, kila siku ya Mungu, ingawa misimu ya mvua huleta theluji nyingi zaidi. Theluji ya usiku huwa matope kabla ya chakula cha mchana. Usiione hii kuwa hasara, maanake hapa ndipo hadithi inapozaliwa. Fisi akiiba nyama usiku, nyayo zake zinaonekana wazi alfajiri. Ikifika saa nne, jua limekwisha kuzilamba. Kwa hiyo baraza la Sakituni lazima liketi mapema, na mwizi mwenye akili atajifanya mgonjwa mpaka saa nne. Mtunzi aliyeiga filamu hawezi kupata kisa hicho hata akeshe.

Sisi mvua ya mawe tunaijua vizuri. Inapiga mabati hadi mwalimu anaacha kufundisha, na majani ya chai yanabaki kama yametafunwa na mbuzi. Theluji haina kelele hiyo. Mtu hulala bila habari, akiamka njia imepotea. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake aliuita baridi tu, wala hakuwa na jina jingine. Wako wataalamu kule Uingereza waliokataa kabisa kuamini kwamba ikweta ina theluji. Rebmann aliandika pia habari za wenyeji waliodhani ni fedha, wakaiteremsha, na walipofika chini wakakuta maji matupu. Mgeni wako wa kwanza Sakituni afanye vivyo hivyo: ajaze mfuko, apeleke sokoni Nanyuki, afike akidondoka maji!

Sasa tumbo. Ndizi haziwezi kumea kule, wala mahindi, wala wimbi. Maharagwe yakiletwa kutoka chini hayaivi upesi, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Kila mita 300 hupunguza digrii moja hivi, kwa hiyo pale Sakituni maji huchemka kwenye digrii 86 badala ya 100. Na kuni je? Miti mikubwa imebaki chini, ukanda wa mianzi nao umebaki chini. Moto ule wa magogo ufute! Moto huku ni mali, tena ni ugomvi. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile.

Lakini watu huishi juu kuliko hapo. Mji wa La Rinconada nchini Peru uko zaidi ya mita 5,000. Katika milima hiyo ya Andes, wakulima hutandaza viazi nje vigandishwe na usiku, kisha huvikanyaga kutoa maji na kuvianika juani. Viazi hivyo hukaa miaka bila kuoza. Sakituni ina usiku huo na jua hilo hilo. Viazi vitoke Kinangop, basi, na wabebaji wawe nyati, nao walipwe. Malipo yao ni nini? Hapo mtunzi asiruke.

Nyumba pia zisiigwe ng'ambo. Mlimani kuna mmea mkubwa uitwao senesio. Majani yake yakifa hayaanguki. Hulizunguka shina kama blanketi na kuzuia baridi. Lobelia nayo hufunga majani yake jioni ili kulinda kichipukizi cha katikati, na asubuhi huyafungua. Nipe nyumba yenye ukuta wa majani makavu na paa linalofungwa magharibi, nami nitakuamini hata ukiniambia mwenye nyumba ni pimbi. Pimbi wa kweli wako huko huko, manyoya yamewajaa, wanaota jua juu ya mawe kama wazee wa baraza.

Kuhusu wanyama, Kiswahili chenyewe kimekwisha kututangulia. Tunasema kiti kimevunjika, lakini kiboko amelala, kifaru amekuja. Ingawa jina lina ki-, mnyama hupewa a- ya mtu. Sarufi imemweka ngeli moja na sisi kabla hatujafikiria kumjengea mji. Hata hivyo, imebakiza mlango mmoja: tunasema ng'ombe wangu, ila rafiki yangu, ndugu yangu. Je, mtoto wa Sakituni atasema fisi wangu au fisi yangu? Herufi moja tu, lakini inaeleza kama fisi ni mali au ni jirani. Sisi Abagusii tusijifanye wageni hapa, kwa kuwa Abanchari wana kiboko wao tangu zamani, na mtu hamdharau mnyama wa ukoo wake.

Ila undugu haushibishi. Mwaka wa 1926 mzoga wa chui ulioganda ulipatikana karibu kabisa na kilele cha Kibo. Mwaka wa 1962 Wilfred Thesiger na wenzake walifika huko juu wakawaona mbwa mwitu watano. Mla nyama akipanda hivyo, ameacha mawindo yote nyuma. Chui wa Sakituni lazima ale, na kama majirani wote ni raia, mtunzi atunge sheria ngumu. Labda chui hula waliokufa tu, na kila familia, ya watu na ya wanyama, imekubali. Inatisha kidogo, lakini ni afadhali kuliko chui anayekunywa uji kwa miaka yote.

Huku nchini sheria tunayo ya upande mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Ndovu aliyezibiwa njia yake na mashamba haendi mahakamani. Amejengewa kitu kimoja, njia ya chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, sehemu ya ushoroba wa kilomita 14 kutoka mlimani hadi Ngare Ndare. Ndovu dume wa kwanza kupita humo, mwanzoni mwa 2011, aliitwa Tony. Sakituni ndovu ana kiti barazani, na anaweza kudai njia hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Mkulima wa viazi naye yuko hapo, ana watoto, ana deni. Andika mabishano yao bila kumpendelea yeyote.

Na barafu inapungua. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 hivi ya eneo lake la barafu, na Mlima Kenya unafuata njia hiyo. Wazee wa Sakituni wanalijua jambo hili. Wengine wanataka mji uhamie chini kwenye mianzi, ambako ndovu wana nyumba zao, na ndovu bado hawajasema ndiyo.

Ramani ya mji imebandikwa kwenye ubao wa chama. Nyumba ya fisi haina mwandishi mpaka sasa. Anayeitaka aonane na katibu.