Koti Gani Lafaa Juu ya Kikoi?

Mtoto wa dada yangu, ambaye ni mwalimu mjini Garissa, alinipigia simu usiku mmoja baada ya isha. "Shikamoo mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kumwitikia akaniuliza: "Koti gani huvaliwa na kikoi?"

Nilicheka. Kumbe mwenzangu hakuwa na mzaha. Alikuwa amechumbia binti wa Kisomali, posa imepokewa, siku ya nikahi imewekwa, naye ameshashona suti ya buluu. Ndipo babu ya binti akasema kwa upole kwamba suti hana neno nayo, ila yeye, lau angepewa hiari, angependa kumwona mjukuu wake anaozwa kwa mtu aliyevaa ma'awis. Ombi la mzee wa makamo yale si ombi la kukataliwa. Lakini vipi, kijana aliniuliza, atakaa mbele ya masheikh na wazee wa pande mbili kwa vazi ambalo kwao Malindi mtu hulivaa akienda kulala?

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye tofauti baina yetu na jirani zetu wa bara ya mto Tana. Sisi wa pwani kikoi tunakipenda, lakini tumekiweka nyumbani. Ni vazi la barazani, la chomboni, la kwendea msikitini alfajiri wakati watu hawatazamani sana. Ikifika shughuli tunakimbilia kanzu, na juu yake koti au joho. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu ambazo hadi 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mambo ni kinyume. Huko ma'awis, ambayo Wasomali wenyewe huiandika macawiis, ni vazi la mtu mzima kutokea mbele za watu. Mzee huenda nayo soko la mifugo, huenda nayo kwenye suluhu ya koo na huenda nayo ofisini kwa mkubwa. Juu huvaa shati, kofia ya kufumwa, na aghalabu koti.

Yamkini wako watakaosema huku kuchanganya koti na kikoi ni mambo ya juzi, ya watu waliookota nusu ya Uzungu wakaacha nusu. Si kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa siku ya Ijumaa mavazi ya heshima ya kwendea msikitini. Ameandika kwamba yalikuwa futa ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, ambayo watu wa huko hawakuwa wakiijua, kanzu ya kitani cha Misri, joho la kitambaa cha Kudsi lenye bitana, na kilemba. Nguo ya kufunga chini, na juu yake vazi lililokatwa na kutiwa bitana! Karibu miaka 700 imepita, na mzee wa Garissa bado amevaa hivyo hivyo. Lililobadilika ni joho, ambalo mahali pake pamechukuliwa na koti lenye ukosi uliokunjwa na vifungo viwili au vitatu.

Wala si Wasomali peke yao. Watu wa Yemen huvaa koti juu ya futa na jambia kiunoni. Waganda huvaa koti juu ya kanzu, kama sisi. Na huko Indonesia, ambako nyingi ya ma'awis zinazouzwa kwetu hufumwa, Sheikh Ma'ruf Amin alikula kiapo cha umakamu wa rais mwezi Oktoba 2019 akiwa amevaa koti la suti na saruni. Hapa Kenya lingekuwa jambo. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni, vazi alilowakumbusha waheshimiwa wanaume lilikuwa koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kazi. Koti limo. Kikoi hakimo. Mwenye kutaka kuona vile heshima ya vazi ilivyo desturi ya mahali tu, na apime hayo mawili.

Basi nilipanda basi Malindi, tukapita Garsen na Hola, nikafika Garissa nimejaa vumbi. Jioni ile ile kijana alivaa nimwone. Alichukua koti la ile suti yake ya buluu akalitia juu ya ma'awis ya mirabaraba. Sikupenda kumvunja moyo, lakini alikuwa kama mtu aliyetolewa nyumbani kwa kelele za moto, akavaa kilichokuwa karibu na mlango.

Kosa halikuwa kwa ma'awis. Koti la suti limekatwa kwa ajili ya suruali. Urefu wake huteremka hadi mkono unapokunjika vidole, nalo hubanwa kiunoni kwa kifungo kimoja. Ma'awis, kinyume cha kikoi chetu kilicho wazi, imeshonwa duara kama gunia lisilo na kitako. Mtu huingia ndani, huikunja ziada yake mbele, kisha huiviringa juu. Lile viringo ndilo mshipi wake, na ni nene. Kifungo cha koti kikiangukia pale pale juu ya viringo, tumbo huonekana limevimba hata kwa kijana mwembamba kama mjengo. Nyuma nako, mpasuo wa koti hufunguka kama mlango usio na komeo, kwa kuwa kitambaa cha chini hakikutulia kama suruali.

Tulikwenda Soko Mugdi kwa fundi mmoja mtu mzima. Kijana alimwita adeer, yaani ami, na akaambiwa akae. Fundi hakutaka hata kuligusa koti la suti. "Koti hili lina suruali yake," alisema. "Likitengana nayo, kila mtu atajua ni mjane." Kisha akatueleza. Koti la ma'awis liwe fupi, liishie pale kifundo cha mkono kinapofika mkono ukining'inia. Kifungo kipande juu ya viringo kwa vidole vitatu, ama koti liachwe wazi. Mpasuo wa nyuma usiwepo kabisa. Mabega yasijazwe sana, kwa sababu chini hakuna mistari miwili ya suruali ya kusawazisha mzigo wa juu.

Nilikumbuka Waskoti, wale wanaume wa kaskazini ya Uingereza wanaovaa sketi ya sufu yenye mikunjo nyuma. Nao kwa shughuli zao wana koti lao mahususi, fupi, kwa sababu ile ile: koti refu huikalia mikunjo na kuiharibu.

Nilimuuliza fundi kama mtu asiye na uwezo wa kushonesha anaweza kununua la mitumba akalifupisha. Akasema inawezekana, ila kwa kiasi. Mikono hufupishwa bila tabu. Mwili ukikatwa zaidi ya inchi mbili, mifuko hubaki imekaa karibu na pindo, na koti huonekana kama lililoliwa na mbuzi. Mabega ndiyo yasiyorekebishika. Yakipwaya, liache kwa mwenyewe.

Na mifuko, jamani, ndiyo sababu nusu ya wazee kuvaa koti. Ma'awis haina mfuko. Pesa, miwani, simu, tasbihi, kijiti cha mswaki, vyote hukaa kwenye koti. Kwa hiyo mfuko wa ndani ushonwe kwa kitambaa kigumu, si kile chepesi kinachotoboka mwezi wa pili.

Kuhusu kitambaa, Garissa adhuhuri joto hufikia nyuzi 35 na zaidi wala halizungumzwi. Koti lenye bitana mwili mzima ni adhabu. Tulichagua kitani kilichochanganywa na pamba, bitana kwenye mabega na mikono tu ili koti lipite vizuri juu ya shati. Mwenye kushona kwa fedha nyingi aulize bitana imefanywa na nini, kwani hariri halisi haituhusu wanaume. Bitana nyingi za madukani si hariri ila hung'ara tu.

Rangi ilitupotezea muda mchache. Ma'awis ikiwa na mirabaraba, koti liwe la rangi moja, na rangi hiyo iwe tayari imo ndani ya ma'awis. Yake ilikuwa na uzi mwembamba wa kahawia, tukachukua kahawia. Shati jeupe bila tai. Viatu vya ngozi vya wazi, na pindo juu ya kifundo cha mguu.

Nikahi ilifungwa baada ya alasiri. Kijana alikaa kitako miguu imekunjwa, na koti, kwa kuwa lilikuwa fupi, halikumjaa mapajani wala halikumpanda shingoni. Mkono wa walii ulipokwisha kuachana na wake, babu ya binti alimvuta karibu. Nilidhani atamwombea dua. Alilikunjua ukosi, akachungulia bitana ndani, akatia vidole mfukoni kupima ugumu wake, kisha akamuuliza jirani yake kwa Kisomali jambo ambalo baadaye nilitafsiriwa: fundi huyu yuko upande gani wa soko, na je, kitambaa kile kimebaki?