Nani Alipe Paa la Wote?

Mitaa ya Jette, manispaa iliyo kaskazini-magharibi mwa Brussels, ina majengo ya ghorofa nyingi yenye lifti, na ina nyumba za zamani zilizobanana ukuta kwa ukuta, nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja kisha zikagawanywa fleti tatu au nne. Kote huko majirani hugombana juu ya jambo lile lile: paa likianza kuvuja, fundi alipwe na nani? Wa chini husema mvua haimfikii. Wa juu husema paa si lake peke yake. Sheria ya Ubelgiji imegawa mzigo huo kwa namna ninayoiona ya haki. Ilipolegea ni kwenye suala la wakati, yaani fedha zianze kukusanywa lini, na ulegevu huo huwaumiza zaidi wenye kipato kidogo.

Tuanze na mgawanyo. Aliyenunua fleti London mara nyingi amenunua haki ya kuikalia kwa idadi ya miaka iliyowekwa tu. Jengo ni la mwenye ardhi, ambaye huamua matengenezo na kumpelekea mkaazi hesabu. Nairobi nako, kabla ya sheria mpya ya mwaka 2020, wanunuzi wengi wa fleti walipewa mkataba mrefu wa pango pamoja na hisa katika kampuni inayosimamia jengo. Jette hali ni tofauti. Mnunuzi anamiliki fleti yake, na papo hapo anamiliki sehemu ya ardhi, paa, ngazi na kuta za nje, bila uwezo wa kuitenga na fleti. Utaratibu huu uliingizwa katika sheria ya Ubelgiji mwaka 1924, na tangu Septemba 2021 umo katika kitabu cha tatu cha Kanuni mpya ya Madai. Sehemu inayotumiwa na wote huhesabiwa kuwa ya wote, isipokuwa hati za jengo zimesema vingine. Kila fleti ina fungu lake lililoandikwa kwenye hati ya msingi, mathalani 52 kati ya 1,000, na gharama hugawanywa kwa mafungu hayo. Kanuni za jengo zinaweza pia kugawa gharama fulani kwa kuangalia nani ananufaika, ndiyo maana wa chini huweza kusamehewa lifti. Lakini paa huikinga nyumba nzima, pamoja na kuta na misingi inayoibeba fleti ya chini. Anayejitoa kwenye paa kwa kuwa yuko chini angepaswa kukubali pia kwamba wa juu wajitoe kwenye misingi.

Sasa tuje kwenye wakati. Tangu Januari 2019, jengo likishatimiza miaka mitano lazima liwe na mfuko wa akiba, na mchango wa kila mwaka usipungue asilimia 5 ya gharama za kawaida za mwaka uliotangulia. Tufanye hesabu ya mfano. Jengo lina gharama za kawaida za euro 40,000 kwa mwaka: usafi, bima, umeme wa ngazi, malipo ya sindiki anayelisimamia. Asilimia 5 ni euro 2,000. Mwenye fungu la 52 anaweka akiba euro 104 kwa mwaka, hata 9 kwa mwezi hazifiki. Siku paa linapohitaji euro 120,000, akiba ya namna hiyo ingebidi iwe imekusanywa kwa miaka 60, na hapo lifti haijaguswa, boila haijabadilishwa, wala bei hazijapanda. Mfuko ukiwa mtupu, sindiki hutuma barua ya kudai fedha, na mwenye fungu letu anatakiwa kutoa euro 6,240. Paa hilo hilo, kama linadumu miaka 30, lingelipiwa kwa euro 17 na senti kadhaa kwa mwezi. Kima cha chini cha sheria kimewapa watu utulivu wa uongo: wanaona neno «akiba» kwenye hesabu zao na kudhani wamejikinga.

Bila akiba ya kweli, anayelipa paa ni yule aliyekutwa na barua. Fleti inapouzwa, notari humwomba sindiki taarifa za jengo, zikiwemo kumbukumbu za mikutano mikuu ya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita. Muuzaji na mnunuzi wasipopatana vingine, matengenezo yaliyoamuliwa kabla ya mauzo lakini yakadaiwa baadaye humwangukia mnunuzi. Aliyekaa chini ya paa miaka 25 huondoka bila kulichangia, na familia iliyokopa benki hadi senti ya mwisho hulipokea bovu. Hakuna aliyevunja sheria hapo, lakini haki haikutendeka.

Wanaopinga akiba kubwa wana hoja zinazostahili kujibiwa. Wapo wasemao mstaafu hawezi kuongezewa mchango. Ni kweli kwamba euro 20 kwa mwezi humpunguzia mtu chakula au dawa. Ila mstaafu huyo huyo ndiye asiyekopesheka siku anapodaiwa maelfu kwa mkupuo, na chama cha wamiliki kina haki ya kulipwa deni lake kutoka kwenye thamani ya fleti. Wengine hulalamika kwamba mwenye kuuza harudishiwi alichoweka, maana sehemu yake katika mfuko hubaki kuwa mali ya chama. Hilo ndilo jema lake: fedha zile ni malipo ya kuchakaa kwa jengo wakati yeye akilitumia, na mnunuzi mwangalifu hulipa zaidi kwa jengo lenye mfuko uliojaa. Hofu iliyo nzito kuliko zote ni ya fedha nyingi kuwa mikononi mwa sindiki. Kwa hiyo sheria inataka mfuko wa akiba uwe na akaunti yake ya benki kwa jina la chama, na mkutano mkuu uchague kila mwaka mkaguzi wa hesabu. Kazi hiyo hukosa wa kuichukua, jioni ikiwa imeenda na watu wanataka kurudi kwao. Tafadhali asikose mtu, na azisome risiti, kwa kuwa mkaguzi asiyezisoma hamlindi yeyote.

Mpangaji hayumo katika hesabu hii, na inafaa alijue hilo. Agizo la serikali ya mkoa wa Brussels la Novemba 2017 limeorodhesha matengenezo ya mwenye nyumba na yale ya mpangaji, na ukarabati mkubwa ni wa mwenye nyumba. Mchango wa mfuko wa akiba ukionekana kwenye karatasi yako ya gharama za mwezi, uliza kwa maandishi umewekwa kwa msingi gani.

Mwenye fleti ana njia iliyo wazi. Kuliondolea jengo wajibu wa kuwa na mfuko wa akiba kunahitaji kura nne kati ya tano, kwa hiyo wachache wanaweza kulizuia hilo. Kazi kwenye sehemu za pamoja hupitishwa kwa theluthi mbili, lakini matengenezo yanayolazimishwa na sheria, au ya kulinusuru jengo, huhitaji zaidi ya nusu ya kura tu. Mmiliki yeyote anaweza kumwandikia sindiki ili hoja iingizwe kwenye ajenda, mradi barua ifike wiki tatu kabla ya kipindi cha mkutano kilichowekwa kwenye kanuni za jengo. Barua hiyo iombe mambo mawili: fundi akague paa, lifti na boila na kukadiria miaka iliyobaki kwa kila kimoja, kisha mchango wa mwaka upangwe kwa makadirio hayo badala ya ile asilimia 5.