Papa Mchanga Kakonda au Ndivyo Alivyo?

Tumezoea kuongea salfa, mikorosho na mihogo. Leo tushuke pwani, maana wengi wenu huku Mtwara mna shamba na mna nyavu pia.

Juzi nilikuwa ufukweni Msimbati. Mzee mmoja alikuwa na papa pingusi wachanga wawili, wamenasa kwenye jarife na wameshakufa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Hebu niambie, hawa wamekonda au ndivyo walivyo?"

Nikamjibu mmoja kakonda. Akacheka: "Kwa macho hata mimi naona."

Basi tukapima. Nanyi mnaweza, ila kabla ya kumpasua.

Kwanza urefu. Mlaze papa kwenye ubao ulionyooka, upime kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Utepe usipite juu ya tumbo, utakudanganya. Pili mzingo, nyuma tu ya mapezi ya kifuani, kama tunavyompima ng'ombe kifua. Tatu uzito: mtie kwenye mfuko, mning'inize kwenye mizani, kisha toa uzito wa mfuko. Nne, angalia kitovu, tumboni kati ya mapezi hayo. Papa huyu huzaliwa na kitovu. Kidonda kikiwa wazi, ana siku chache tu. Kovu likififia, ana wiki au miezi.

Wale wawili walikuwa na sentimeta 50 kila mmoja. Mmoja gramu 550, mwingine 450. Hesabu yake: zidisha uzito wa gramu kwa 100, gawa kwa urefu uliozidishwa mara tatu (50 x 50 x 50 = 125,000). Wa kwanza anapata 0.44, wa pili 0.36. Urefu ni uleule, unono tofauti. Linganisha papa wa aina moja tu.

Sasa jambo lenyewe. Yule mnono kitovu kilikuwa wazi. Unono ule ni wa mama. Papa huzaliwa na akiba ya mafuta kwenye ini. Wanaopaka vyombo sifa wanalijua ini hilo. Akiba hupungua wakati mtoto anajifunza kuwinda, kwa hiyo kukonda kidogo mwanzoni ni kawaida. Yule mwembamba kovu lilikuwa limefifia.

Mzee akanyamaza. "Kwa hiyo huyu hakupata kula."

Inawezekana. Lakini papa mmoja si ushahidi. Wakiwa wengi, makovu yamefifia na bado wembamba, mwezi hadi mwezi, hapo tujiulize dagaa na kamba wa mikokoni wamekwenda wapi, na juya limepita wapi.

Kwa nini tujali? Pingusi hubeba mimba miezi 9 hadi 12, na jike huchukua miaka mingi kukomaa. Si kuku. Tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na mikoko ile ndiyo malezi ya samaki wengi tunaowategemea.

Ushauri wangu: aliye hai mrudishe majini haraka, usimpime. Aliyekufa mpime, uandike tarehe, mahali, urefu, mzingo, uzito na kitovu. Daftari la shule linatosha. Mlete kwangu au kwa bwana samaki wenu.

Yule mzee ameshaanza lake. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili.