Maumivu ya Mgongo na Hofu ya Moyo

Nyumba zisizojua maumivu ya mgongo ni chache. Mama huinama na jembe tangu alfajiri, baba huchukua magunia, mwalimu husimama mbele ya ubao kutwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa mgongo sehemu ya chini. Wengi hupona baada ya majuma machache. Lakini wako waumwao miezi mingi, hata miaka, na daktari akiwapima haoni mfupa uliovunjika wala jeraha. Hapo ndipo maneno huanza: huyu ni mvivu, huyu amerogwa, huyu ajisingizia.

Yuko Mbelgiji mmoja, jina lake Johan Vlaeyen, bingwa wa elimu ya nafsi, aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Leuven na Maastricht. Yeye alichungua sana jambo hili. Katika mwaka 2000 alitoa makala mashuhuri pamoja na Steven Linton wa Örebro, Uswidi, na maana yake kwa ufupi ni hii. Mtu akipatwa na maumivu ya mgongo, njia mbili zi mbele yake. Mmoja huyaona maumivu kuwa ni jambo la kupita. Hurudia kazi zake kidogo kidogo, akapona. Wa pili hudhani uti wa mgongo umeharibika, na ya kuwa akiinama utakatika. Basi huacha kuinama, huacha kazi, huacha hata kwenda kanisani. Mwili usiotumika hudhoofika, moyo hujaa huzuni, na fikira zake zote huusikiliza mgongo usiku na mchana. Maumivu huzidi, na yazidipo, hofu nayo huzidi. Amekuwa kama ngamia wa kinu cha mafuta: atembea kutwa, wala hafiki.

Je, maumivu hayo ni ya uwongo? Hasha! Ubongo hutulinda kama mlinzi wa shamba. Mlinzi aliyetishwa sana hupiga kelele hata upepo utikisapo mahindi. Kelele ni za kweli, ijapokuwa mwivi hayuko.

Vlaeyen na wenziwe hawakuishia katika maneno. Walimpa mgonjwa picha za kazi za kila siku, kama kuinama na kuinua mzigo, azipange tangu ile isiyomtisha hata ile imtishayo mno. Kisha, baada ya kufundishwa, alianza kuzifanya kazi zenyewe moja moja, hofu ndogo kwanza, akajionea mwenyewe ya kuwa mgongo haukukatika. Katika mwaka 2001 walitoa habari za wagonjwa wanne waliotibiwa hivyo. Hofu ilipungua pale walipoyatenda yale waliyoyaogopa.

Lakini angalieni sana. Mwenye mgongo unaouma pamoja na homa, au akondaye bila sababu, au ambaye miguu yake yaishiwa nguvu, au ashindwaye kuzuia mkojo, asikae nyumbani kungoja. Aende hospitali upesi, maana hata kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo.

Kwa wale wengine ambao daktari amewapima asione hatari, yatupasa nini? Kwanza, tusiwe kama rafiki za Ayubu. Walikaa naye siku saba kimya, na hapo walikuwa faraja. Walipofungua vinywa wakamhukumu, wakamwongezea mzigo. Amwambiaye mgonjwa, "Wajisingizia," humwongezea hofu. Pili, tusimfunge kitandani kwa huruma. Katika mji wa Helsinki, Ufini, waganga walilinganisha watumishi wa mji waliopatwa na maumivu ya mgongo. Habari zao zilitolewa mwaka 1995. Walioendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko waliolazwa siku mbili.

Basi, ninyi wenye mgonjwa nyumbani, msimnyang'anye jembe wala msimlazimishe alime ekari. Leo na apalilie tuta moja, kesho tuta moja na nusu. Nanyi mlime kando yake, mkimtia moyo. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo hofu itatoka kwa mlango ule ule ilioingilia.