Anwani Mpya za Intaneti na Picha Isiyofika

Kila kompyuta au mashine ya eksirei iliyounganishwa na intaneti hutambulika kwa anwani ya namba. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na akiba yake kuu duniani ilimalizika Februari 2011. Mfumo mpya, IPv6, umeondoa uhaba huo. Hata hivyo, mifumo hii miwili haielewani moja kwa moja, hivyo taasisi nyingi, hospitali zikiwemo, hulazimika kuiendesha sambamba.

Mtandao ukizimika kabisa, kila mtu hutambua. La kuhofiwa zaidi ni mtandao unaofanya kazi nusu. Katika IPv4, ruta iliyo njiani huweza kukigawa kifurushi cha data kilicho kikubwa mno. Katika IPv6 hairuhusiwi kufanya hivyo. Hukitupa, kisha humpelekea mtumaji ujumbe wa kumtaka apunguze ukubwa. Fundi akiuzuia ujumbe huo kwa nia ya kuimarisha usalama, nalo ni kosa la kawaida, mtumaji hubaki akirudia kutuma kile kile. Majibu ya maabara yenye mistari michache hufika bila shida, ilhali picha ya CT ya mgonjwa aliyeumia kichwa hukwama, na daktari bingwa wa mji mwingine yungali anaisubiri.

Kwa sababu hiyo, kutuma ujumbe mdogo na kupata jibu hakuthibitishi chochote. Jaribio lifaalo hutumia faili kubwa la picha, kutoka mashine ile ile itakayotumika kazini, kwanza kwa IPv6 pekee, kisha kwa IPv4 pekee. Kuitenganisha mifumo ni muhimu: programu nyingi, IPv6 ikishindwa kuunganisha, hurejea IPv4 kimyakimya, na kasoro hufichika. Mashine kongwe zisizoijua IPv6 ziachwe zilivyo. Hakuna aibu katika hilo.

Tarehe 8 Juni 2011, kampuni kubwa, zikiwemo Google na Facebook, zilifungua tovuti zao kwa mifumo yote miwili kwa saa 24 ili kasoro zionekane. Wodini, muuguzi hana haja ya vifaa maalumu. Badala ya kuandika “mtandao mbovu”, aandike saa, kompyuta iliyotumika, na kama faili ndogo zilipita huku kubwa zikikwama. Taarifa hiyo humwonyesha fundi pa kuanzia. Mgonjwa anayepewa rufaa naye aombe nakala ya picha zake kwenye diski.