Paa Mdogo wa Msituni na Maharagwe Yako

Ndugu mkulima, kila msimu maharagwe yanapoanza kutoa majani hapa Amukura, hatukosi mtu wa kuja ofisini kusema shamba lake limeliwa usiku na "paa mdogo wa msituni", naye ataka kutega waya. Kabla ya kutega, yafaa umjue unayemshitaki.

Paa mdogo wa msitu wa mvua ndiye yule ambaye watu wa Pemba humwita paa chesi. Huku kwetu Magharibi yumo katika msitu wa Kakamega. Uzito wake ni kama kilo 4 hadi 6, wala mabega yake hayafiki gotini pako. Hutembea mchana. Kima na ndege wanapokula matunda juu ya mti, yeye yuko chini akiokota yale wanayoyaangusha. Dume na jike hukaa pamoja mahali pao padogo, wakapatia alama kwa majimaji yatokayo katika tezi zilizo chini ya macho, na mgeni hufukuzwa. Mnyama wa namna hii hawezi kufunga safari toka Kakamega kuja kula maharagwe yako. Miti yake ikikatwa, hana pa kwenda.

(Watoto wa shule humfananisha na wale wanyama wa Ulaya wenye pembe za matawi. Sivyo. Wale huangusha pembe kila mwaka zikaota nyingine. Paa wetu hukaa na zake mpaka afe.)

Mwizi wako yaelekea ni nsya wa vichakani, ndugu yake mkubwa, mwenye kilo 12 na zaidi. Huyu hula majani na machipukizi, na penye watu hutoka usiku. Jike lake kwa kawaida halina pembe.

Sasa ule waya. Waya hauchagui: leo nsya, kesho mbwa wako, keshokutwa mbuzi wa jirani, na hapo mtafikishana kwa chifu. Tena uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yakataza kuua mnyama wa pori kwa ajili ya nyama. Afadhali ufyeke kichaka kinachogusa shamba, uzungushe matawi ya miiba, na mbwa alale upande huo mpaka maharagwe yakomae kidogo. Ukiona hasara imezidi, usifute nyayo; waite maofisa wa wanyamapori wazione wenyewe.